Kiziwi Husikiaje Ngoma?



Kiswahili chetu kina neno moja ambalo twalitumia kila siku bila kulifikiria, nalo ni kusikia. Twasema nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia harufu ya chakula, nasikia uchungu mguuni. Katika maneno hayo yote sikio halina kazi yo yote. Wazee waliotuachia lugha hii walijua kwamba mtu husikia kwa ngozi, kwa pua na kwa tumbo pia. Basi lishikeni neno hilo, maana leo napenda tuzungumze juu ya ndugu zetu viziwi, na jinsi wanavyoifurahia ngoma na kuicheza.

Wako watu ambao wakimwona kiziwi anacheza sawasawa na mdundo hushangaa, hata wengine husema labda anajifanya tu, kumbe anasikia. Hajifanyi. Ngoma ikipigwa, ngozi yake hutikisika na kuitikisa hewa iliyo karibu. Hewa hiyo ikifika sikioni twaiita sauti, lakini mtikisiko hauishii hapo. Huingia katika sakafu, katika ubao wa benchi, na katika kifua cha mtu. Ndani ya ngozi ya mwanadamu mna vipokezi vidogo sana ambavyo kazi yao ni kutambua mitetemo, hasa ile ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde moja. Sikio zima la kijana hupokea mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kwa hiyo ngozi haipati yote. Sauti nyembamba ya filimbi huipita. Lakini ngoma kubwa, gitaa la besi, na vishindo vya watu wengi wakikanyaga pamoja, hayo huyapata barabara.

Tena kuna jambo la ajabu katika ubongo. Mwaka 2001 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, jina lake Dean Shibata, alitangaza uchunguzi wake wa picha za ubongo wa viziwi, zilizopigwa huku wameshika mkononi kitu kinachotetemeka. Aliona kwamba ile sehemu ambayo sisi wengine twaitumia kwa sauti ilikuwa ikifanya kazi kwao. Chumba kile hakikufungwa kwa kukosa mgeni wa kwanza. Mgeni mwingine alikaribishwa.

Labda wengine wenu mmesikia habari za Evelyn Glennie, mpiga ngoma aliyezaliwa Scotland mwaka 1965. Usikivu wake ulianza kupungua akiwa na miaka 8, na alipofika miaka 12 ulikuwa umekwisha karibu wote. Mwalimu wake wa muziki hakumfukuza. Alimwambia aweke viganja ukutani mwa darasa, kisha akapiga ngoma kubwa, akamwuliza anaisikia wapi mwilini. Msichana akajifunza polepole kwamba sauti nzito zinamfikia miguuni, na zile za juu zaidi usoni, shingoni na kifuani. Hata leo hupiga bila viatu ili sakafu imletee habari. Mwaka 2012, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, ndiye aliyewaongoza wapiga ngoma 1,000.

Huko China naye Tai Lihua alipoteza usikivu akiwa mtoto wa miaka 2 baada ya kuugua. Katika shule ya viziwi, mwalimu alipiga ngoma juu ya sakafu ya mbao, na mtoto yule akasikia kitu kikipanda kutoka nyayoni. Mwaka 2004, katika kufungwa kwa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Athens, alikuwa mbele ya wachezaji wenzake viziwi. Jumla yao walikuwa 21. Mchezo wenyewe unatokana na dini ya Kibudha, nami siutaji kwa ajili hiyo, bali kwa namna walivyojua wakati wa kuinua mikono. Watu wanaosikia walisimama pembeni mwa jukwaa wakiwapa ishara za mapigo. Macho na miguu vilisaidiana.

Hapa kwetu si jambo geni. Katika Tamasha la Muziki la Kenya shule za viziwi huleta ngoma zao jukwaani kama shule nyingine.

Lakini kanisani je? Nimewahi kumwona mtoto kiziwi, apata miaka saba, akienda mpaka kwenye ngoma wakati wa sifa na kuubandika mkono wake ubavuni mwake. Uso ulimng'aa. Mara mzee mmoja akamshika na kumrudisha kwenye kiti, akidhani anachezea vyombo. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, nyuma kabisa, juu ya saruji. Saruji nene haipitishi mtetemo kama mbao. Mtoto yule aliondolewa mahali pa pekee alipoweza kuimba pamoja nasi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Benchi la mbao liwekwe mbele, karibu na ngoma, na atakaye avue viatu. Puto lililojazwa hewa, likishikwa kwa viganja viwili, hupokea hata sauti ya kwaya. Lakini msidhani dawa ni kuongeza nguvu ya vipaza sauti. Makelele hayo huwaharibu masikio wale ambao bado wanayo.

Wala mdundo peke yake hautoshi. Maneno ya wimbo hayapiti sakafuni. Kwa hayo kiziwi anahitaji mtu wa kuyaeleza kwa mikono, na Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba yetu ya mwaka 2010. Si kila kiziwi apendaye kucheza, kama vile si kila mwenye masikio apendavyo kuimba. Basi aulizwe mwenyewe anataka kukaa wapi. Na wimbo ukiisha, mkimwona ameinua mikono yote miwili juu na kuitikisa hewani, jueni anapiga makofi.