Taka Zinazorudi Shambani na Taka Zisizorudi

Katika kaya nyingi za mikoa ya Mbeya na Iringa, mabua ya mahindi, chupa tupu ya kiuatilifu na betri chakavu ya sola huishia katika shimo moja nyuma ya nyumba. Shimo likijaa, hutiwa moto. Lakini mabua ni chakula cha udongo, ilhali chupa na betri ni sumu kwa udongo huohuo. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya kila kaya ni kuzitenga.

Masalia ya mazao

Mabua yakichomwa, naitrojeni iliyomo hupotea pamoja na moshi, na msimu unaofuata mkulima hulazimika kununua mbolea zaidi. Ni heri kuyakatakata na kuyapanga kwa tabaka pamoja na majani mabichi, samadi na udongo kidogo. Lundo liwe na unyevu wakati wote na ligeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi, mboji huwa tayari. Majani ya viazi na nyanya yaliyoshambuliwa na ukungu yasichanganywe humo, kwani huweza kurudisha ugonjwa shambani. Pumba za mpunga kutoka mashine za Mbarali hufaa kuchomea matofali na kutandazwa katika mabanda ya kuku.

Vyombo vya viuatilifu

Chupa inayoonekana tupu bado ina sumu. Mara dawa inapokwisha, tia maji hadi robo ya chupa, funga, tikisa kwa nusu dakika, kisha mimina maji hayo ndani ya bomba la kupulizia ili yatumike shambani. Rudia hadi mara tatu. Halafu itoboe ili asiwepo atakayeitumia kuwekea maji, maziwa, mafuta au ulanzi. Kamwe usioshe chupa wala bomba mtoni au katika mfereji. Vyombo vilivyotobolewa vihifadhiwe mahali pakavu, mbali na watoto, na visichomwe: moshi wake ni sumu.

Vifaa vya kielektroniki

Betri za sola na za magari zina madini ya risasi na tindikali. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata ikiingia mwilini kwa kiasi kidogo. Baadhi ya taa za umeme zina zebaki. Betri za simu huweza kulipuka zikitobolewa au kutupwa motoni, na kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu. Usipasue betri wala kumwaga tindikali yake. Hifadhi vifaa hivi vikiwa vizima, na uvikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi pekee.

Maji hayana mpaka wa kata

Maji yanayotoka katika mifereji ya mashamba ya Usangu hurudi Mto Ruaha Mkuu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuingia Bwawa la Mtera. Humo huingia pia maji ya Ruaha Mdogo, unaopita Mjini Iringa. Kutoka Mtera, mto huendelea hadi Kidatu na hatimaye Rufiji. Chupa inayooshwa mferejini leo ni sumu katika maji ya mvuvi, mfugaji na mnyama aliye mbali nasi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamtwika wajibu wa kuyalinda. Mwaka 2021 zilitolewa kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki.

Mwananchi unaombwa kuwa na sehemu tatu za taka nyumbani: ya mboji, ya vyombo vya viuatilifu na ya vifaa vya kielektroniki. Kuhusu mboji na viuatilifu, muone Afisa Ugani wa kata yako. Kuhusu mahali pa kukabidhi taka hatarishi, muulize Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, ambaye atakuunganisha na Afisa Mazingira wa Halmashauri.