Fahamu: Kwa nini ARV zinaweza kubadilisha umbo la mwili

Ni nini?

Lipodistrofi, mojawapo ya madhara ya baadhi ya ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, VVU), ni mafuta ya mwili kuhama mahali pake: mashavu, mikono na makalio hukonda, huku tumbo au nyuma ya shingo ikijaa. Tanzania ilipoanza kutoa ARV bure mwaka 2004, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo, nayo ilikausha mashavu ya wengi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe hatua kwa hatua.

Kwa nini ni muhimu?

Watasema wengine, uhai kwanza, sura baadaye. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba mashavu yaliyobonyea yanaweza kumtangaza mtu kwa majirani kuwa ana VVU, Mbezi Luis jijini Dar es Salaam au kwingineko, kabla hajasema neno. Na anayeona aibu anaweza kuacha dawa, virusi vikaongezeka. Sura, basi, ni suala la tiba. Dolutegraviri, ARV inayotumika sasa, haikaushi mashavu kama stavudini. Wapo wanaonenepa, hasa wanawake, ingawa sehemu ya uzito huo ni afya inayorudi (na mtaani kunenepa bado husifiwa). Anayeona mabadiliko aulize kliniki yake ya tiba na matunzo (CTC) kabla ya kuacha kidonge hata kimoja. Kubadilishiwa dawa kunawezekana, lakini mafuta yaliyopotea usoni hurudi polepole, pengine yasirudi yote.