Kufuli Mlangoni, Ufunguo Ukutani

Wiki iliyopita nilikuwa Singida mjini, nikaingia katika ofisi moja kufuatilia karatasi zangu. Madirisha yana nondo, mlango una kufuli kubwa, na nje ameketi mlinzi na rungu lake. Lakini kwenye kioo cha kompyuta kimebandikwa kikaratasi chenye neno la siri. Kila aliyepanga foleni aliweza kulisoma. Nami nililisoma.

Nilicheka, kisha nikasononeka. Mashine ile inatunza majina yetu, viwanja vyetu na namba zetu za simu. Tena imeunganishwa na nyingine. Aingiaye katika moja aweza kuzifikia zote, hata akiwa ng'ambo ya bahari.

Januari 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliandika kwamba kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, zilikuwa zikipeleka habari Shanghai kila usiku, kati ya saa sita na saa nane, watu wamelala. Jengo hilo, lililozinduliwa mwaka 2012, lilikuwa zawadi ya China. China ilikanusha, na viongozi wa Umoja nao wakakanusha. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Nasema tu, ukijengewa nyumba, badilisha vitasa mwenyewe, na uangalie nani anapita usiku.

Uzembe nao una gharama. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza na kudai fedha. Dawa ya kuziba tundu lile Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi. Walioumia ni waliochelewa kuitumia.

Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini sheria humshughulikia mwizi akishaingia. Kinga ni yetu: neno la siri liwe refu na lisigawiwe, programu zisasishwe, flashi ya kuokota isichomekwe, nakala za kumbukumbu ziwekwe nje ya mtandao, na mfanyakazi akihama, ruhusa yake ifutwe siku hiyo hiyo.

Nilipoaga nilimnong'oneza karani, "Dada, kikaratasi hicho." Akakibandua haraka, kisha akaniuliza, "Sasa kaka, nikisahau?"

Swali lake ni la haki. Waliomnunulia mashine walikumbuka nondo na kufuli. Kumfundisha yeye hawakukumbuka.