Muhuri Uliokatwa Nusu

Mkusanyaji wa stempu aghalabu hupenda stempu safi. Ikiwa lazima iwe imepigwa muhuri, basi na uwe muhuri wa posta, mwepesi, ulioangukia pembeni. Stempu ya ushuru, ile iliyobandikwa kwenye stakabadhi au hati ya deni ili serikali ipate haki yake, huiona kama mtoto wa kambo; na ikiwa imetapakaa wino wa mwenye duka, thamani yake hushuka zaidi. Nasema wino huo ndio ulio na thamani, na ushahidi wangu unatoka Japani.

Serikali ya Meiji ilishika hatamu mwaka 1868 ikiwa na haja kubwa ya fedha. Mwaka 1873 ikaanza kutoa stempu za ushuru kwa ajili ya hati za biashara. Stempu hizo hazikufutwa na karani wa posta. Mwenye kutoa hati alizifuta mwenyewe kwa muhuri wake, nusu ukilalia stempu na nusu ukilalia karatasi, ili asitokee mjanja wa kuibandua stempu na kuitumia mara ya pili. Utaratibu huo ungali unafuatwa Japani hadi leo. Waliowahi kutia sahihi juu ya stempu kwenye stakabadhi hapa kwetu watauelewa mara moja.

Na muhuri wa mfanyabiashara Mjapani ulisema mengi. Ulitaja jina la duka, ambalo mara nyingi silo jina la ukoo wa mwenyewe. Ulibeba alama ya nyumba, kama vile herufi ndani ya duara au chini ya umbo la mlima. Pengine ulitaja mji na mtaa. Ukiwa na tarehe, mwaka huhesabiwa kwa zama za mfalme: mwaka wa 20 wa Meiji ni 1887. Mihuri ya duka moja ikipangwa kwa miaka, utaona mwenyewe akihama mtaa, au duka la ukoo likijivika jina la kampuni, hasa baada ya sheria mpya ya biashara ya 1899.

Hebu tutazame hariri. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859, wakati ambapo maradhi ya viwavi wa hariri yalikuwa yameangamiza ufugaji huko Ufaransa na Italia. Wanunuzi wakaja mbio, wakitaka nyuzi, na hata mayai ya nondo yaliyotagwa juu ya kadi za karatasi. Lakini hadi 1899 mgeni hakuruhusiwa kufanya biashara nje ya mitaa aliyotengewa bandarini. Kwa hiyo hariri ya Gunma na Nagano ilipitia mikononi mwa mawakala wa Kijapani wa Yokohama, na mawakala hao ndio waliopiga mihuri.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi na moto viliiteketeza Yokohama, pamoja na madaftari mengi ya wafanyabiashara wake. Hata hivyo, stakabadhi hukaa na aliyelipa, wala si kwa aliyelipwa. Muhuri wa duka lililogeuka majivu bandarini unaweza kuwa umehifadhika salama sandukuni kwa mteja wa bara, juu ya stempu ndogo ambayo hakuna aliyeijali.

Baada ya tetemeko hilo, sehemu ya biashara ya hariri ilihamia Kobe, na wafanyabiashara wengi wa Kihindi wakahamia huko pia. Hapo ndipo historia hii inapotugusa sisi. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za Afrika Mashariki. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulizuia ubaguzi wa ushuru katika eneo hili, hivyo Waingereza walipoweka mipaka kwa vitambaa vya Japani katika makoloni yao mwaka 1934, Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuguswa. Kanga zenye misemo yetu zilichapwa Japani kwa maagizo ya wafanyabiashara wa Mombasa, akiwamo Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zinajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Atakayetaka kujua nani alimlipa nani kwa ajili ya vitambaa hivyo, itambidi asome mihuri ya Osaka na Kobe.

Simaanishi kwamba muhuri unajua kila kitu. Hautaji idadi ya marobota, na tarehe yake ni ya hati, si ya meli. Hayo yamo kwenye karatasi. Ndiyo maana inaudhi kuona wauzaji wakilowesha hati majini ili stempu itoke safi. Karatasi hutupwa, nusu ya jina la duka ikaenda nayo, na albamu ikabaki na nusu nyingine isiyosomeka.

Aliye na stempu zilizokwisha kubanduliwa bado ana la kufanya. Aache kuzipanga kwa rangi na bei, azipange kwa mihuri. Mwenye duka hakupiga muhuri wake mahali pale pale kila siku: leo ulishika upande wa kulia wa stempu, kesho wa kushoto. Stempu mbili au tatu za duka moja zikiwekwa pamoja, jina huweza kusomeka lote.