Kampo Si ya Makomredi Peke Yao: Vile Unaeza Ingia Chuo Kikuu cha Garissa Kama Mgeni na Uonyeshwe Kazi

Kama wewe ni msee wa Garissa, Wajir ama Mandera, hii stori unaijua. Gari nyeupe inakuja hadi malishoni, wanashuka watu watatu na kijisanduku cha barafu na makaratasi mob. Wanatoa ngamia wa mzee damu, wanauliza maswali hadi chai inapoa, wanasema asante, wanaishia. Miaka inapita. Ngamia amezaa, ameuzwa pale soko la mifugo Garissa, na hakuna mtu amerudi kukuambia waliona nini kwa hiyo damu.

Sasa hiyo damu huenda wapi? Maabara. Na maabara ikiwa ni ya chuo cha umma ama taasisi ya serikali, wewe ni mmoja wa wenye wanailipia, hata kama ushuru wako ni ule wa airtime tu. So unaeza ingia ucheki? Ndio, ukiomba vizuri. Na huhitaji C+ ya KCSE. Hiyo ni ya kuitwa na KUCCPS. Kutembea na kuuliza maswali haina gredi.

Wacha kwanza nikupange ni nini tunaongelea. Vyuo vingi duniani huwa na utaratibu wa kutembeza watu wa nje: kuna mtu anayejua mahali anawaongoza, kikundi kidogo nyuma yake, mnapita madarasa, maktaba, maabara, shamba la majaribio kama lipo, na anayefanya kazi hapo anawaeleza. Hapa Kenya wengi tumeijua kama ile tripu ya form three, basi ya shule na soda moja, ama ile open day chuo kinafungulia wazazi na watoto geti. Njia ya tatu watu huichorea kabisa: kikundi chochote, hata cha mabinti wa kushona ama wasee wa bodaboda, kinaandika barua na kuomba siku yake.

Na si mambo ya wazungu peke yao, ingawa wazungu wako nayo poa. Pale CERN, kando ya Geneva, mahali wanagonganisha chembe ndogo kuliko atomu, kutembezwa ni bure, na mara nyingi anayekutembeza ni mwanasayansi mwenyewe. 2023 walifungua hadi jengo zima la wageni. Lakini mfano wenye unatuhusu uko Kilifi. Kituo cha KEMRI-Wellcome kimekuwa pale tangu 1989, na kwa miaka mingi kilipigana na uvumi kwamba damu za watoto zinauzwa, kwamba kuna mambo ya mumiani mle ndani. Kufunga mlango zaidi hakungesaidia. Wakaanza kuchukua wanafunzi wa shule za sekondari wakawaingiza maabara, na wakawa na wawakilishi waliochaguliwa vijijini wa kuongea na watafiti. Msee akiona kwa macho yake chupa ya damu imewekwa lebo na iko kwa friji, uvumi unakosa miguu.

Turudi huku kwetu. Chuo cha Garissa kilikuwa cha kufunza walimu. 2011 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Moi, na hapo ndipo North Eastern ilipata chuo kikuu cha umma kwa mara ya kwanza. Halafu ikaja alfajiri ya 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, wengi wakitoka mbali na hii kaunti. Chuo kikafungwa, waliobaki wakapelekwa Eldoret. Januari 2016 kikafunguliwa tena, na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Juu ya hiyo historia, geti la Garissa si kama la kampo ya Nairobi, mahali unapita ukipiga simu. Utapekuliwa, utaulizwa kitambulisho, na soja hatacheka na wewe. Usikasirike. Kuna wazazi walileta watoto wao hapa na wakarudi nyumbani na majeneza. Lakini pia sitadanganya: ukuta huzuia adui na huzuia jirani. Kuna vijana wamezaliwa bulla za hapa town, wamekunywa maji ya Tana maisha yao yote, na kitu wanajua kuhusu hicho chuo ni hiyo siku moja tu. Ukigoogle jina lake, ni hiyo inakuja kwanza. Chuo kikijulikana kwa kifo peke yake, nani ataota kusoma hapo? Hapo ndipo kutembezwa kunakuwa na maana kubwa kuliko huko kwingine.

(Mimi mwenyewe kampo yangu, jina si lazima, niliacha fee ikiwa imenilemea. Mwaka na nusu nilikuwa najua njia mbili tu, ya mesi na ya ofisi ya fee. Hakuna mtu aliwahi kunionyesha mlango wa maabara. So nikikuambia enda kama mgeni, najua wageni wakati mwingine huona mengi kuliko wenyeji.)

Sasa ukiingia uulize nini? Watu wengi huharibu siku hapa, wanapiga selfie na bango halafu wanaenda. Uliza kuhusu kitu unakijua.

Chukua homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 karibu na Naivasha, lakini waliovuta mkia kwa ukali ni watu wa huku. Mvua za El Niño za 1997 zilileta mlipuko, na Garissa ilikuwa katikati. Desemba 2006 ukarudi, tena ukaanzia Garissa, na ukaua watu zaidi ya 100 nchini kabla uishe 2007. Sababu iko kwa udongo: kuna mbu wanaotaga mayai mahali huwa panafurika, na hayo mayai yanalala kwa vumbi kavu miaka. Mafuriko yakija, yanaanguliwa pamoja, mengine yakiwa na virusi tayari. Kondoo wanatupa mimba, halafu binadamu anaambukizwa akichinja, akisaidia mnyama kuzaa, ama akinywa maziwa mabichi. Wafugaji Wasomali walikuwa na jina lao, sandik, yaani damu ya pua, na walikuwa wameona mbu wamezidi na mimba zinatoka kabla onyo rasmi lifike. Mzee wako anaeza kuwa alijua kabla ya daktari.

Sasa fuata ile chupa. Damu ikitolewa inawekwa kwa barafu, inazungushwa kwa mashine kwa kasi hadi chembe nyekundu zinashuka chini na maji ya manjano yanabaki juu. Hayo maji ndiyo yanapimwa, na kuna maswali mawili tofauti: huyu mnyama aliwahi kupata hiki kitu zamani, ama amekipata juzi? Kinga za mwili huacha alama tofauti kwa kila jibu. Wakitaka virusi vyenyewe, sampuli lazima ikae kwa friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Stima ikipotea na jenereta ikatae, kazi ya miezi inaoza. Ndio maana sampuli nyingi za huku huishia Nairobi, kwa KEMRI ama ILRI. So swali lako la kwanza ukiwa maabara Garissa ni rahisi: ni nini mnaeza pima hapa, nini lazima mtume, na nini kinakosekana? Jibu lolote litakufunza kuhusu hii kaunti kuliko hotuba kumi za wanasiasa.

La pili: utafiti gani unafanywa kwa watu na mifugo wa hapa, na majibu yanarudi aje? Jua haki yako. Utafiti hapa Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, na wa kugusa watu lazima upitishwe na kamati ya maadili. Mtafiti akikujia unaeza omba kuona hizo karatasi, unaeza kataa, na unaeza jitoa katikati bila kuadhibiwa. Anayekasirika ukiuliza, huyo ndiye wa kuogopa.

Kupanga siku yenyewe si ngumu. Barua moja ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya msajili wa chuo, wiki kadhaa mbele: nyinyi ni nani, mko wangapi, mnataka kuona idara gani, tarehe mbili za kuchagua. Barua ya “tunataka kutembea” hulala kwa droo. Ya “tunataka kuona maabara ya baiolojia, sisi ni wafugaji 15” hupata mtu wa kuijibu. Weka majina na namba za vitambulisho, juu ya geti. Mkiwa watoto wa shule, mwalimu mkuu ndiye anaandika. Uliza mapema kama kuna malipo. Epuka wiki za mtihani, na Ijumaa sahau, adhuhuri kila mtu yuko msikitini.

Vaa viatu vya kufunika vidole, sandali na asidi haziskizani. Simu iulizie ruhusa kabla utoe, hasa karibu na geti. Msiguse kitu. Na fikeni saa mbili asubuhi, juu saa saba jua la Garissa halitembezi mtu.