Waliotoka Kutafuta Punda

Somo: 1 Samweli 9

Sauli alitumwa na baba yake kutafuta punda waliopotea. Alizunguka vilimani asiwaone. Akiwa karibu kurudi nyumbani alikutana na Samweli, na kesho yake akapakwa mafuta awe mfalme. Alitafuta punda, akapata ufalme.

Mambo kama hayo huwapata wataalamu wa sayansi pia. Nitatoa mifano miwili inayoihusu nchi yetu.

Mwezi wa Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake huko Marekani walirusha roketi yenye vyombo vya kupima eksirei, miali ile ile inayopiga picha za mifupa hospitalini. Walitaka kujua kama mwezi unaitoa. Ya mwezi hawakuipata. Lakini vyombo vilionyesha miali mikali ikitoka mbali sana, upande wa kundi la nyota liitwalo Nge, ambalo sisi wa Embu na Meru huliona jioni za Julai mawingu yakitupa nafasi. Wangeweza kusema chombo kimeharibika. Badala yake walipima tena na tena. Ndipo tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani iliporushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya wananchi wa Kenya. Ilipata zaidi ya vyanzo 300 vya miali hiyo. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Mfano wa pili ni wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, miaka ya 1990. Wataalamu wa taasisi ya ICIPE walipambana na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda napia pembeni mwa shamba iwavute vipepeo wanaozaa viwavi hao, na katikati ya mistari wakapanda desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza. Wakaona jambo lisilotazamiwa: penye desmodiamu, gugu ambalo Waluo huliita kayongo lilikuwa karibu kutoweka. Gugu hilo hunyonya mizizi ya mahindi na kuacha familia na njaa, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Baadaye ikajulikana kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za kuziotesha mbegu hizo, na nyingine za kuzizuia zisishike mizizi ya mahindi. Basi kayongo huota, hukosa chakula, hufa.

Ndugu zangu, watu hawa hawakukaa kitako wakingoja bahati. Walikuwa kazini. Na walipoona wasichokitafuta, hawakukifuta katika daftari.

Mimi nilikifuta. Kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliniuliza nyota tusizoziona ziliumbwa kwa ajili ya nani. Nikamwambia akariri katekisimu. Hakuuliza tena, na baadaye hakuja tena. Nilikuwa nikitafuta jibu la katekisimu. Mungu aliniletea moyo unaouliza, nami sikuutambua.

Mzazi, mwalimu, mzee wa kanisa: mtoto akikuletea swali usilolitazamia, usimfukuze. Kama jibu huna, mwambie huna, kisha mtafute pamoja.

Tuombe. Ee Bwana, tunapotafuta punda wetu, utufumbue macho tuone unachotupa. Amina.