Chapa na Majonzi (3): Patasi ya Uwandani, Msiba wa Pwani

Wiki iliyopita nilieleza namna ubao unavyochongwa ukatoa chapa. Leo tutazame kwa nini baadhi ya wasanii waliofiwa huikimbilia kazi hiyo.

Käthe Kollwitz wa Ujerumani alifiwa na mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, aliyeuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914. Kwa miaka mingi alijaribu njia nyingine za kuchora msiba ule, asiridhike, mpaka aliposhika ubao na patasi. Chapa zake saba ziitwazo Vita zilitoka 1923. Katika ile ya Wazazi, mume na mke wamepiga magoti, wameinamiana wakawa donge moja jeusi, nyuso zimefichwa. Ubao hupokea wino pale tu ambapo patasi haikupita. Kwa hiyo mchongaji haongezi weusi, anaupunguza kidogo kidogo, na mkato ukishapita haufutiki. Sijaona sanaa nyingine inayokaribia kulia kama hii.

Kwetu kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji, patasi si ngeni. Wamakonde wanajulikana duniani kwa vinyago, lakini Matias Ntundu wa Nandimba alichonga pia mbao za chapa, akasimulia maisha ya watu wake na vita vya ukombozi. Kwao ni uwanda wa Mueda, ambako tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliufyatulia risasi umati. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kwa msiba wa watu wengi hivyo, chapa inafaa kuliko kinyago: kinyago kikinunuliwa kimekwenda. Ubao wa chapa hutoa nakala nyingi, na kila nyumba yenye msiba inaweza kupata yake.

Pwani sasa inauhitaji ujuzi huo. Tangu Mocimboa da Praia iliposhambuliwa na waasi Oktoba 2017, kisha Palma Machi 2021, watu wamezikwa bila matanga na wengine hawajulikani walipo. Picha tulizo nazo ni za moshi, mahema na mashua zilizojaa wakimbizi zikitia nanga Paquitequete, Pemba. Zinaonyesha umati, mfiwa mmoja mmoja haonekani. Vijana wachongaji wapewe mbao laini, wino na karatasi. Mashine si lazima: karatasi hulazwa juu ya ubao, ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko mpaka picha ishike.

Wiki ijayo: John Muafangejo wa Namibia, aliyechonga maneno ndani ya picha zake.